Chombo cha mbao hakihifadhiwi kwa kiyoyozi

Bwana Mhariri,

Nimeisoma barua ya kijana wetu kuhusu ile boti ya zamani ya matanga iliyotia nanga kwenye hori ya Mtwapa, nyeupe, ya milingoti miwili, ambayo wenyewe waliiacha na sasa mabaharia wake ni ndege. Anataka ipandishwe nchi kavu, ijengewe ukumbi wa vioo wenye viyoyozi, imulikwe taa na wageni watozwe kiingilio. Ikibaki majini, asema, itakufa. Nimefurahi kuona kijana anakijali chombo cha mbao zama hizi ambapo kila mtu anataka boti ya faiba. Lakini mimi kazi yangu ilikuwa kukalafati, yaani kuziba mishono ya mbao kwa pamba. Nilianza nikiwa mvulana, nikimshikia babangu pamba pale Bandari ya Kale, na chembeu, patasi ya kugongea pamba hiyo, nimeiweka chini juzi juzi tu kwa sababu ya macho. Naomba nafasi nimweleze kijana, na wale walioandika kumuunga mkono, yatakayotokea ndani ya ukumbi huo. Sibahatishi. Jambo hili wamekwisha kulijaribu watu wenye pesa na elimu kutuzidi, tena kwa chombo kilichowahi kupita katika bahari yetu hii.

Chombo hicho kinaitwa Suhaili, kwa jina la upepo wa kusini-mashariki unaovuma kule Ghuba. Kiliundwa Bombay, kikashushwa majini mwaka wa 1964. Mwenyewe, Robin Knox-Johnston, alikuwa ofisa katika meli za British India, kampuni ileile ya meli za Karanja na Kampala ambazo wazee wenzangu wa Mombasa wanazikumbuka kwa safari za Bara Hindi. Yeye na wenzake waliandika Uingereza kuagiza ramani ya boti moja, wakaletewa ya nyingine. Waliyoletewa ilikuwa ya Mmarekani William Atkin, ya miaka ya ishirini, naye Atkin aliitoa katika boti za uokoaji za Norway zilizobuniwa na Colin Archer. Boti hizo ziliundwa ili ziende baharini wakati wenzao wanarudi bandarini. Hawakuwa na muda wala pesa za kubishana na barua, wakaunda hiyohiyo iliyokuja.

Ni boti ya futi 32. Ina mlingoti mkuu na galme, mlingoti mdogo wa nyuma, na tezi, yaani nyuma yake, imechongoka sawa na omo, mbele yake, kwa hiyo wimbi linalotoka nyuma halipati ubao bapa wa kuupiga. Mbao zake ni msaji, yaani mti wa tiki. Mafundi wa Bombay waliifanya kwa tezo na keekee, vifaa ambavyo babangu angevishika bila kuuliza vinatumikaje. Waingereza wenye boti nyembamba za mbio wangeiona nzito na ya kizamani, na kwa kasi ni kweli si ya kujivunia. Fundi haangalii kasi peke yake.

Mwishoni mwa 1965 Knox-Johnston, nduguye Chris na rafiki yao Heinz Fingerhut waling'oa nanga Bombay wakapitia Muscat, kisha wakateremka na Kaskazi kufuata pwani ya Afrika Mashariki mpaka Durban. Afrika Kusini pesa ziliwaishia, ikabidi watafute kazi kwanza. London waliiona 1967. Mtu akitaka kujua kwa nini mzee wa Mombasa anaingilia habari za boti ya Mwingereza, jawabu ndilo hilo: msaji wa Hindi, mafundi wa Hindi, upepo wa Kaskazi, njia ya Muscat kuja kwetu. Majahazi yaliyokuwa yakija Bandari ya Kale kila mwaka yalikuwa na nasaba hiyohiyo.

Kilichoipa sifa duniani ni safari ya 1968. Gazeti la Sunday Times la London lilitangaza zawadi kwa atakayeizunguka dunia peke yake bila kutia nanga popote. Waliondoka watu tisa, kila mmoja kwa siku yake, na boti za kila namna, nyingine za faiba, nyingine za mbao nyembamba za kubandikwa, nyingine za chuma. Suhaili iliondoka Falmouth tarehe 14 Juni 1968 na kurudi Falmouth tarehe 22 Aprili 1969, siku 312. Kati ya wote tisa hakuna mwingine aliyemaliza. Pauni 5,000 alizozishinda Knox-Johnston alizitoa kwa familia ya mwenzake mmoja, Donald Crowhurst, aliyepotelea baharini. Hayo yameandikwa sana, nami sitayarudia.

Ninachotaka kukisimulia ni kile kilichotokea mapema katika safari hiyo, akiwa bado Atlantiki, maana kinaihusu kazi yangu. Maji yalianza kujaa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, kuliko kawaida, ikawa anafua maji asubuhi na jioni. Akavaa miwani ya kuzamia, akashuka kuangalia. Akakuta pande zote mbili, karibu na usawa wa mlingoti, mshono ulio juu tu ya mkuku, gogo la chini linalobeba chombo chote, unafunguka na kufunga boti inapoyumba. Huo ndio mshono mbaya kupita yote katika chombo, kwa sababu mzigo wote wa mlingoti unashukia hapo. Sisi tukiukuta umefunguka tunasubiri maji ya bamvua, yanayojaa na kutoka kupita kawaida, tunakilaza chombo ufukweni, maji yakitoka tunafanya kazi kwa haraka kabla hayajarudi. Yeye hakuwa na ufukwe. Alijaribu kugonga pamba huko huko chini ya maji akishika pumzi, na pamba haikukaa. Kabla hajapata nafasi ya kugonga ya pili pumzi ilikuwa imekwisha.

Basi alichofanya ni hiki. Alikata utepe mrefu wa turubai, akaishonea pamba juu yake, akaupaka lami, akaupigilia misumari midogo ya shaba kuufunika mshono. Juu ya turubai akaweka bamba jembamba la shaba nyekundu lisije likang'olewa na mwendo wa maji. Alifanya upande mmoja, akarudia upande wa pili. Kabla ya kushuka alikuwa amevaa shati na suruali nyeusi ili weupe wa mwili wake usiwavutie papa. Papa alikuja hata hivyo, akampiga risasi, akangoja juu ya sitaha kuona kama damu itawaita wengine, kisha akashuka tena akamalizia. Nimewasimulia mafundi wengi kisa hiki. Wote huuliza habari za papa. Mmoja tu, mzee wa Pate ambaye sasa ni marehemu, aliniuliza misumari aliipigaje ikaingia hali nyundo ndani ya maji haina nguvu. Huyo alikuwa fundi.

Sasa tuangalie jambo hilo kwa jicho la kazi. Chombo kilichovuja Atlantiki kikazibwa kwa turubai na pamba kiliendelea kupita kusini mwa Afrika, Australia na Pembe ya Amerika Kusini, katika bahari zinazotisha kuliko zote. Matengenezo yalishika kwa sababu mbao zilikuwa zimelowa na kufura, zimekumbatiana. Baada ya safari hiyo Suhaili iliendelea kutumika. Mwaka wa 1989 mwenyewe aliivusha Atlantiki akitafuta njia kwa astrolabu, kifaa cha kupimia jua na nyota, kama mabaharia wa kale, na mwaka wa 1991 akaipeleka Greenland kwenye barafu akiwa na mpanda milima Chris Bonington. Bahari haikuiua.

Iliyokaribia kuiua ni heshima. Katika miaka ya tisini ilipelekwa Greenwich, London, kwenye Jumba la Taifa la Makumbusho ya Bahari, ikawekwa ndani, mahali pakavu pasafi penye hewa inayopimwa. Mtoto angeweza kuigusa kama walinzi wangemruhusu. Na humo ndani, bila wimbi wala mvua, mbao zake zikaanza kunywea, yaani kusinyaa. Mwenyewe alipoona hivyo hakuvumilia. Mwaka wa 2002 aliitoa, akaanza kazi ya miaka mingi ya kuikarabati mpaka ikarudi majini. Juni 2018, miaka hamsini tangu siku ile ya kuondoka, ilikuwepo Falmouth ikielea pamoja na boti nyingine za enzi zake.

Kijana atasema labda makumbusho yale yalikosea vipimo. Hapana. Hewa ya ukumbi wa makumbusho inapangwa kwa ajili ya karatasi, picha na nguo, na kwa vitu hivyo ni nzuri. Ubao uliokaa majini umebeba maji mengi. Maji hayo yakishuka chini ya kama asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, ubao huanza kunywea, na katika ukumbi ambao unyevu wa hewa ni asilimia 50, utateremka pole pole mpaka karibu asilimia 9. Haunywei kwa urefu, hunywea kwa upana. Chukua ubao wa upana wa inchi sita, unywee kwa asilimia 2 tu: tayari una mwanya wa milimita 3. Hesabu mbao za ubavu mmoja kuanzia mkuku mpaka sitaha, kisha jumlisha mwenyewe. Pamba huanguka. Bolti zilizokuwa zimebanwa na mbao zilizofura hubaki zikicheza ndani ya matundu. Na juu ya hayo yote, chombo majini hubebwa na maji kila mahali, lakini nchi kavu hukalia mkuku na magogo machache, kwa hiyo omo na tezi huinama kidogo kidogo mpaka umbo linapotea. Msaji hunywea kidogo kuliko miti mingi, na bado Suhaili ilianza kufunguka. Boti ya Mtwapa si ya msaji. Nimeipitia kwa mtumbwi, nikaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole. Sitaapa ni mti gani, lakini msaji naujua.

Mfano wa pili uko palepale Greenwich. Gipsy Moth IV, boti ya mbao iliyoshushwa majini 1966 na iliyomzungusha mzee Francis Chichester duniani peke yake kwa kusimama Sydney tu, ilipandishwa ikawekwa kwenye kizimba kikavu karibu na Cutty Sark, meli ya matanga ya kale. Wageni kwa maelfu walipanda wakaikanyaga sitaha. Maji ya mvua yakaingia, yakakaa, yakaozesha. Ikafungwa watu wasipande, ikabaki inaharibika. Mwishowe iliuzwa kwa pauni moja na bilauri ya kinywaji ambacho mimi sitakitaja, ikapelekwa Gosport ilikoundwa, ikafanyiwa kazi kubwa, na mwaka wa 2005 ikaanza kuizunguka dunia kwa mara ya pili. Pesa za kuifufua zingelipa fundi na mlinzi kwa miaka mingi.

Ukitaka kuona kinyume chake, itazame Wanderer III. Hii ni boti ya futi 30 tu, iliundwa Uingereza mwaka wa 1952, wakati nchi yao bado inajikokota baada ya vita na mtu wa kawaida akitaka boti alitosheka na ndogo. Mume na mke, Eric na Susan Hiscock, waliizungusha dunia mara mbili, ya kwanza 1952 hadi 1955, ya pili 1959 hadi 1962. Baada yao ilipata wenyewe wengine nao wakaendelea kusafiri nayo hadi karne hii, mpaka bahari za barafu. Hakuna aliyeijengea ukumbi. Imetiwa viraka, imebadilishwa mbao, imepakwa rangi, imerudi safarini.

Nami nina langu nililoliona kwa macho. Miaka ya themanini, katika karakana moja ya boti ambayo sitaitaja, kulikuwa na yoti ya mbao kutoka Ulaya iliyowekwa juani msimu mzima wa Kaskazi. Mwenyewe alikuwa kwao, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Aliporudi, mishono ilikuwa imefunguka kiasi cha kuingiza ukucha wa kidole gumba. Tulimwambia tuijaze maji ya chumvi kidogo kidogo, tuifunike magunia mabichi, tuweke pamba bila kuikaza na lami laini, kisha tuiache ifure yenyewe. Alikuwa na haraka ya kuondoka na Kusi. Akaleta gundi ile ya makopo mawili, inayokauka ikawa ngumu kama jiwe, akajaza mishono yote mpaka juu, akaipiga msasa, ikapendeza kweli kweli. Tukaishusha. Haikuvuja hata tone, naye akatucheka.

Kisha mbao zikaanza kunywa maji zikitaka kurudi kwenye upana wake, na nafasi zao zimekaliwa na gundi. Jahazi letu lina mataruma, yaani mbavu za ndani, manene ya miti iliyopinda yenyewe, lakini yoti za Kiingereza zina mataruma membamba yaliyopindwa kwa mvuke. Mlinzi wa usiku alituambia amesikia milio ndani ya boti, akadhani kuna mwizi. Yalikuwa mataruma yanakatika, moja leo, moja kesho. Yule mwenyewe aliiuza kwa bei ya injini yake.

Kwa hiyo ukumbi wa vioo pale Mtwapa, penye jua letu, na kiyoyozi kikivuta unyevu mchana na usiku, utaifanya boti ile kuwa kuni zilizopakwa rangi. Na siku stima ikikatika, ambayo tunaijua, joto la ndani ya vioo litafanya kwa juma moja kazi ambayo Greenwich iliifanya kwa miaka.

Najua pia kwamba kuiacha ilivyo si jawabu. Maji ya bahari yana funza wanaotoboa mbao, na chini yake sasa ni msitu wa chaza na mwani. Sitaha imepasuka, maji ya mvua yanaingia, na mvua ndiyo inayoozesha. Chumvi haiozeshi. Inayotaka kufanywa si kazi ya ajabu. Kwanza ifuliwe maji na itandikwe turubai juu, leo kabla ya kesho. Bamvua ijayo ilazwe ufukweni kwa ulaini, ikwanguliwe, iangaliwe mshono wa mkuku na kila bolti inayofikika. Chini ipakwe deheni kama hakuna pesa za rangi ya dukani, maana chokaa na shahamu vimelinda vyombo vya pwani hii kabla rangi hizo hazijabuniwa. Mbao iliyokufa itolewe, iwekwe mpya. Na apatikane kijana mmoja au wawili wa kulala ndani na kuiendesha japo mpaka mlangoni mwa hori na kurudi, maana boti isiyotembea huoza mapema.

Kama wakubwa wanashikilia lazima ionekane nchi kavu, basi wajenge banda la makuti lililo wazi pande zote upepo wa bahari upite, wauegemeze mkuku kwa urefu wake wote, na kila siku mtu amwagie mbao maji ya chumvi kwa ndoo. Haitapendeza kwenye picha. Tena wamwite mchoraji apime umbo lake lote sasa, mbao kwa mbao, kabla hakijaguswa kitu. Mtepe, chombo chetu cha kale cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, ulitutoka bila kupimwa inavyostahiki, na leo anayetaka kuuona anaonyeshwa ulioundwa upya kwa kukisia.

Nimesikia hoja kwamba boti hii ni ya wakoloni, haituhusu, pesa ziende kwa majahazi yetu. Hoja hiyo naielewa, na kama pesa ni za kapu moja nami nitaanza na jahazi. Lakini mafundi wa kazi hii tumebaki wa kuhesabika, na kijana hajifunzi kukalafati kwa kusoma. Anajifunza kwenye chombo kinachovuja. Hii inavuja vizuri, iko karibu, na hakuna nahodha atakayetukemea tukichelewa. Wakiihitimu hiyo wataweza kushika jahazi lolote la Lamu.

Kiingilio nacho kijana amekihesabu vizuri, ila amesahau kitu. Mgeni hulipa zaidi kupandishwa chombo kinachotembea kuliko kukitazama kupitia kioo. Aulize wenye majahazi ya watalii.

Namwalika basi. Bamvua ijayo aje Mtwapa alfajiri, maji yakianza kutoka, avae nguo za kazi na alete mfuko wa chokaa na kopo la shahamu. Pamba na chembeu nitakuja navyo mimi. Na wale wanaochanga pesa za viyoyozi, naomba wangoje kuandika hundi mpaka tumeuona mkuku.

Fundi wa vyombo mstaafu,
Mtwapa